Chui Milia wa Nchi ya Theluji

Wasomaji wetu wengi wamemwona chui milia katika picha za vitabu vya shule, na kwa kuwa picha hizo mara nyingi humwonyesha katika misitu ya Bara Hindi, twadhani ya kuwa hukaa katika nchi za joto tu. Sivyo. Wako chui milia wa baridi pia, nao hukaa katika milima ya Sikhote-Alin, mashariki kabisa ya Urusi, na wachache ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya China. Huko, majira ya baridi yakifika, theluji hufunika nchi yote, na mito huganda hata watu hupita juu yake kwa miguu.

Basi, huishije huko? Kwanza, amevikwa vema. Manyoya yake ya majira hayo ni marefu na mazito kuliko ya wenzake wa kusini, na chini ya ngozi ana mafuta ya kumkinga. Walakini vazi halitoshi pasipo chakula. Yeye huwinda nguruwe mwitu na ayala; na nguruwe hao hula mbegu za misonobari. Misonobari ikikatwa, nguruwe hupungua, na chui milia hushikwa na njaa. Tena mawindo yametawanyika mbali mbali, hata jike mmoja huhitaji kilomita za mraba zipatazo 400. Huzaa watoto wawili hata wanne, akawalea peke yake yapata miaka miwili, mpaka wajue kuwinda.

Lakini theluji haiwezi kutunza siri. Kila apitapo huacha alama za miguu yake. Kwa alama hizo wawindaji walimfuata, wakawaua wakubwa na kuwakamata watoto, ili wauzwe kwa bustani za wanyama.

Hata hivyo alikuwako mtu aliyezifuata alama hizo hizo ili awahesabu. Jina lake Lev Kaplanov. Karibu na mwaka 1940 alisafiri msituni katika baridi kali, mbao ndefu zimefungwa miguuni apate kuteleza juu ya theluji. Akakadiria ya kuwa katika nchi ile yote wamesalia 20 au 30 tu, akasihi wasiwindwe tena. Mwaka 1943 majangili wakamwua. Habari alizoziandika zilichapishwa mwaka 1948, naye hakuziona. Hakuona wala marufuku ya kuwinda chui milia, iliyotolewa mwaka 1947.

Hesabu ya mwaka 2015 ilionyesha zaidi ya 500 katika Urusi. Basi sisi tufundishao watoto, tukiwaonyesha picha ya chui milia, tuwaambie ya kwamba baridi ile kali haikumshinda mnyama huyu. Aliyekaribia kummaliza ni mwanadamu, na aliyemponya ni mwanadamu vile vile.