Kioo cha Mkononi na Kioo cha Sebuleni: Kipi Salama kwa Macho ya Mtoto?

Akina mama wengi wa Karagwe na Kyerwa wanatuuliza swali moja siku hizi, mlangoni kwa kanisa baada ya ibada na hata kliniki wanapoleta watoto wachanga kupima uzito. Wanasema: "Watoto wamekolea gemu. Je, ni afadhali wacheze kwenye simu ya baba yao, au kwenye televisheni?" Wengine wanajijibu wenyewe: simu ni ndogo, basi na madhara yake ni madogo.

Swali hili linastahili jibu la kueleweka. Hapa Bugene, mtoto anayetumwa chumvi Omurushaka au Kayanga anaweza kupita penye kibanda cha gemu, akasahau chumvi. Na jioni, baba akiweka simu mezani, inachukuliwa kabla hajanawa mikono. Kukataza tu bila kujua tunachokikataza hakutusaidii, maana watoto wanakijua kitu hiki kuliko sisi. Tukae tujifunze kidogo.

MCHEZO MMOJA, SURA MBILI

Picha yoyote ya gemu imeundwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga. Nukta zikiwa nyingi, picha inakuwa safi. Zikiwa chache, sura ya mchezaji inakuwa kama mkeka uliosukwa kwa ukili mnene. Jambo la pili ni idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde. Mashine inayochora picha 60 kwa sekunde hufanya mchezaji akimbie kwa ulaini. Ikishuka sana, mchezo unasitasita kama gari linaloishiwa mafuta kwenye mlima.

Mashine za mkononi zilianza kwa unyonge. Game Boy ya kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na nukta 160 kwa 144 tu, za rangi moja ya kijanikijani, na kioo chake hakikuwa na taa. Mtoto alilazimika kuinamia dirishani ili aone.

Wengi wetu tunaijua zaidi PlayStation 2 ya kampuni ya Sony, iliyotoka mwaka 2000, maana ndiyo iliyojaza vibanda vingi vya Afrika Mashariki, ikiunganishwa na televisheni za chogo. Mchezo wa mpira wa FIFA 14, uliotoka mwaka 2013, unatupa mfano mzuri. Ulitengenezwa kwa mashine hiyo ya zamani, kwa PSP ya mkononi, na pia kwa PlayStation 4 iliyokuwa mpya. Jina ni lile lile. Lakini kioo cha PSP kilikuwa na nukta 480 kwa 272, na PlayStation 4 ilitoa nukta 1920 kwa 1080. Katika ile mpya, watazamaji uwanjani walikuwa na maumbo ya watu. Katika zile za zamani walikuwa kama karatasi zilizobandikwa. FIFA 14 ndiyo ilikuwa ya mwisho katika mfululizo huo kutolewa kwa PlayStation 2 na PSP.

KIKUBWA SI LAZIMA KIWE BORA

Mwaka 2017, mwezi wa Machi, Nintendo ilitoa mashine iitwayo Switch, ambayo ni ya mkononi na ya sebuleni kwa pamoja. Ukiishika, unatazama kioo chake cha inchi 6.2 chenye nukta 1280 kwa 720. Ukiipachika kwenye kitako chake kilichounganishwa na televisheni, inaweza kutoa nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya mara mbili. Sababu yake ni rahisi. Mashine ikiwa mkononi inatumia betri na haitakiwi kuchoma vidole, hivyo inapunguza kasi ya kazi yake. Ikiwa kwenye umeme, inajiachia.

Mtu angedhani basi kwenye televisheni mambo yote ni bora. La hasha. Mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, uliotoka siku moja na mashine hiyo, ulichorwa kwa mistari 900 kwenye televisheni na 720 mkononi. Lakini mwanzoni, sehemu zenye miti na majani mengi zilisitasita kwenye televisheni, hali mkononi zilikwenda kwa utulivu zaidi. Mashine ilikuwa imebeba mzigo mkubwa kuliko nguvu iliyoongezewa. Tena, nukta 720 zilizobanana kwenye kioo kidogo huonekana kali kuliko nukta 1080 zilizotawanywa kwenye kioo kipana. Ni kama maharage: debe moja likimwagwa kwenye ungo linajaa, likimwagwa uani linaonekana haba.

Hata ukubwa wa kampuni si dhamana. Konami walipotoa mchezo wao wa mpira, eFootball, mwezi wa Septemba mwaka 2021 kwa mashine za nyumbani na kompyuta, nyuso za wachezaji mashuhuri zilikuwa na kasoro hadi watu duniani kote wakacheka, na kampuni ikaomba radhi. Mwaka uliofuata mchezo huo ukaja kwenye simu. Basi mtoto akikuambia kwamba ni lazima umnunulie mashine ya bei kubwa ndipo picha iwe nzuri, usikimbilie kuuza kahawa ya msimu. Uzuri wa picha hauji kwa bei peke yake.

KIDOGO KILICHO KARIBU NI KIKUBWA

Sasa tuje kwenye macho, maana hapo ndipo penye wasiwasi wetu kama wauguzi.

Mama mwenzetu, jaribu jambo hili leo jioni. Kaa hatua mbili au tatu kutoka kwenye televisheni. Laza kiganja chako mbele ya uso, umbali wa rula moja ya shule, kisha funga jicho moja. Televisheni nzima imefichika. Kiganja kimekuwa kikubwa kuliko televisheni, kwa sababu kiko karibu.

Ndivyo ilivyo kwa simu. Simu ya inchi 6 ikishikwa kwa ulalo ina urefu wa sentimita 13 hivi. Ikiwa sentimita 30 kutoka machoni, inachukua nafasi sawa na televisheni ya inchi 39 hivi iliyo umbali wa mita 2. Mtoto akiisogeza hadi sentimita 20, kama watoto wafanyavyo wakilala kitandani, ni sawa na televisheni ya karibu inchi 59. Yule mama anayesema simu ni ndogo angeshangaa.

Tena kuna tofauti ambayo kiganja hakiwezi kuionyesha. Jicho linapotazama mbali, misuli yake ya ndani hupumzika. Linapotazama karibu, misuli hiyo hukaza ili lenzi ijikunje. Televisheni iliyo mita 2 inadai kazi kidogo. Kioo kilicho sentimita 20 kinadai kazi nyingi, dakika hadi dakika. Na maandishi ya michezo iliyokusudiwa kwa televisheni huwa madogo mno kwenye kioo cha mkononi, hivyo mtoto anazidi kukisogeza.

Jambo lingine ni kupepesa. Kwa kawaida tunapepesa kope mara 15 hivi kwa dakika, na machozi yanaosha jicho. Mtu aliyekazia kioo hupepesa mara chache zaidi. Macho yanakauka, yanawasha, yanakuwa mekundu, na mtoto anayafikicha kwa mikono michafu. Hayo ya ukavu na uchovu huisha kwa kupumzika. Lakini uoni hafifu wa mbali ni jambo zito zaidi. Watafiti wameona kwamba watoto wanaokaa muda mrefu kwenye kazi za karibu, na muda mfupi nje kwenye mwanga wa jua, wako katika hatari zaidi ya kuupata. Mtoto anayechunga mbuzi mlimani au kusaidia shambani kwenye migomba anayapa macho yake dawa bila kujua.

Dalili ni hizi: mtoto anakunja macho akitazama ubao, anasogea dawati la mbele, anasogeza daftari puani, anaumwa kichwa jioni, au alama zake zinashuka bila sababu. Tusimwite mvivu. Tumpeleke hospitali akapimwe macho. Miwani si aibu.

MWANGA UNAOMWEKA NA KIFAFA

Upande wa televisheni nao una lake. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi cha katuni cha Pokémon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliomweka kwa kasi. Baadhi yao walipata degedege.

Hali hii si ya watu wengi. Katika watu 100 wenye kifafa, kama 3 tu ndio wanaosumbuliwa na mwanga unaomweka, na zaidi ni watoto na vijana. Lakini wengine hawajijui mpaka siku ya kwanza. Hatari inazidi kioo kinapokuwa kikubwa, mtoto anapokuwa karibu nacho, na chumba kinapokuwa na giza. Tazameni vibanda vyetu: mlango umefungwa pazia ili picha ionekane vizuri, na watoto wamebanana kwenye benchi, magoti yakigusa meza ya televisheni. Hali zote tatu ziko pale.

Mtoto akianguka kwa degedege, fanya hivi. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimzuie kwa nguvu wala kumnywesha chochote. Tazama saa: ikizidi dakika 5, au akirudiwa kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Na hata akipata nafuu mapema, kama ni mara yake ya kwanza, mpeleke akapimwe.

Tunarudia kusema, kwa sababu bado kuna watoto wanaoachwa wameanguka huku watu wamesimama mbali: povu la kifafa haliambukizi. Mguse mtoto. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si laana, na dawa zake zipo.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Jibu letu kwa akina mama ni hili: kati ya simu na televisheni, kwa macho ya mtoto wa shule asiye na kifafa, televisheni iliyo mbali kwenye chumba chenye mwanga ni afadhali. Tena ina faida nyingine: inaonekana na wote. Mama anayemenya ndizi mlangoni anaona kinachochezwa na anasikia kinachosemwa. Simu inaingia na mtoto chini ya blanketi, na huko hakuna anayejua ni mpira au ni mauaji.

Tushike kanuni hizi:

1. Televisheni iwe mita 2 au zaidi kutoka kwa mtoto. Pima kwa kamba, uweke alama sakafuni.

2. Taa iwake au dirisha liwe wazi. Asicheze gizani.

3. Kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mti wa mparachichi wa jirani unatosha.

4. Simu isikaribie macho kuliko sentimita 30, na isichezewe kitandani.

5. Mtoto asiyetimiza miaka 2 asipewe kioo kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora. Huu ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019.

6. Mkubwa zaidi apangiwe muda, baada ya kazi za shule na za nyumbani, na kila siku apate saa 2 za kuwa nje.

7. Mwenye kifafa asicheze mpaka mpate ushauri wa daktari. Mwanga mkali ukitokea ghafla, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso.

Kuhusu kibanda, tusitukane mwenye kibanda. Naye ni mzazi anayetafuta riziki. Akina mama watatu au wanne wakimwendea kwa heshima na kumwomba afungue pazia, asogeze benchi nyuma na asipokee watoto saa za masomo, huenda akasikia kuliko akifokewa na mmoja.

Na baba wa nyumba ahusishwe. Simu ni yake, na mara nyingi yeye ndiye anayempa mtoto ili atulie. Mweleze habari ya kiganja na televisheni. Mwache ajaribu mwenyewe. Ataelewa haraka kuliko kwa maneno mengi.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Maana yake si kwamba kila mtoto anayecheza ni mgonjwa. Ni yule ambaye kwa muda mrefu hawezi kujizuia, anaacha kula, kusoma na kukaa na wenzake, na anaendelea ingawa anaona anaharibikiwa. Huyo ahitaji msaada, si fimbo.

Mithali 22:6 tunaifahamu sote, na wengi tumeitundika ukutani. Kumlea mtoto katika njia impasayo ni pamoja na kumfundisha kuacha kitu kitamu kabla hakijamtawala. Mtoto anayeweza kuzima mchezo mama anapoita, bila kununa, amepata jambo litakalomfaa hata siku ambayo mashine hizi zote zitakuwa zimepitwa na wakati. Bwana atupe saburi katika malezi.