Kifaa Kisichohama Hakina Bei Siyu

Siyu si mji wa magari. Vichochoro vyake vilipimwa kwa mwendo wa mtu na punda, na msafiri anayetoka Lamu hushuka gati la Mtangawanda kisha akapanda pikipiki kuvuka kisiwa cha Pate mpaka mjini. Mlango wa bahari wa Siyu wenyewe ni mkono mwembamba wa maji katikati ya mikoko, unaofunguka maji yakijaa na kufungwa yakipwa. Kwa sababu hiyo injini zinazolisha watu hapa ni za aina mbili: ya pikipiki, na mashine inayofungwa nyuma ya mashua ya mvuvi au ya abiria. Zote mbili huishi kwa spea za mtumba. Mashine moja ikifa, viungo vyake huhamia kwa nyingine, na viungo vinavyotafutwa mno ni vile vinavyoiamrisha injini ipige cheche lini na inywe petroli kiasi gani. Wanunuzi wengi huhesabu bei ya kifaa cha namna hiyo kana kwamba ni bei ya chuma na nyaya. Hesabu hiyo haikamiliki. Kinachouzwa hasa ni uwezo wa kifaa kukubaliwa na injini ambayo hakikutengenezewa, na uwezo huo ndio unaopungua mwaka hadi mwaka katika bidhaa zinazofika Mombasa na Lamu.

Tuanze na kabureta, maana ndiyo iliyofanya biashara ya spea visiwani iwezekane. Kabureta haiijui injini yake. Inajua upepo unaofyonzwa, tundu la jeti lina upana gani, na sindano imepandishwa kiasi gani. Fundi akiihamisha kutoka injini moja kwenda nyingine ya ukubwa unaokaribiana, hubadilisha jeti, hurekebisha skrubu ya hewa, akaitazama plagi: ikiwa nyeusi yenye masizi petroli imezidi, ikiwa nyeupe imepungua na pistoni iko hatarini kuungua. Elimu yote hiyo iko machoni na vidoleni mwa fundi. Kisanduku cha CDI, ambacho mafundi hukiita sidiai, ni hatua moja mbele. Ndani yake mna kapasita inayojazwa umeme kisha kuumwaga kwenye koili kwa mkupuo mmoja, na mna kanuni ya kuwahisha cheche kadiri mzunguko unavyopanda. Hapa tayari makosa ya gharama huanza. Zipo sidiai zinazolishwa na koili iliyo ndani ya magneto, na zipo zinazolishwa na betri. Soketi zake zinaweza kufanana kiasi cha kuingiliana bila taabu, lakini ukiweka moja mahali pa nyingine pikipiki haiwaki, au inawaka kisha inakiunguza kisanduku. Na hata zikilingana kwa umeme, sidiai yenye kanuni ya injini nyingine huwahisha cheche pasipotakiwa, na mwenye pikipiki atasikia mlio wa kugonga ndani ya silinda kila anapopanda mchanga na mzigo. Hata hivyo kosa hilo lina dawa: fundi mwenye mita na mchoro wa nyaya hulibaini kabla ya kuwasha.

Katika magari mambo yamekwenda mbali zaidi, na yanastahili kutazamwa hata na mtu wa Siyu asiyemiliki gari, kwa kuwa yanayotokea barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi leo ndiyo hufika Mtangawanda kesho. Vijana wa Kenya wanaopenda Subaru na magari mengine ya Kijapani wamenunua kwa miaka mingi vifaa vya mtumba vya kurekebisha injini. Chukua kifaa cha zamani cha kampuni ya Apexi kiitwacho Super AFC. Hicho hukaa kati ya kihisi cha hewa na kompyuta ya gari, kikaigeuza kidogo habari inayopita ili kompyuta imwage petroli zaidi au pungufu. Kukihamishia gari jingine ni kazi, lakini ni kazi inayowezekana: unatafuta mchoro wa nyaya za gari jipya, unaunganisha waya wa umeme, wa mzunguko na wa kihisi, unakiambia kifaa injini ina silinda ngapi na kihisi chake cha hewa ni cha aina gani, kisha unaanza marekebisho upya kuanzia sifuri, kwa kuwa namba za mwenye gari wa kwanza hazikufai. Sasa kilinganishe na Accessport ya kampuni ya Cobb, inayotumika sana kwenye Subaru za baadaye. Hiyo haihitaji kukata waya hata mmoja. Huchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi, ikaandika programu mpya ndani ya kompyuta ya gari na kuihifadhi ile ya asili. Papo hapo hujifunga kwa gari hilo. Mwenye nayo akiuza bila kuiondoa kwanza kwenye gari lake, mnunuzi amenunua kitu kisichomfaa kwa kazi yake, na hata ikiondolewa vizuri itafanya kazi tu kwenye miundo iliyokusudiwa. Urahisi wa kufunga umelipiwa kwa ugumu wa kuhama.

Kompyuta za magari zenyewe zimepita njia hiyohiyo. Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari mapya yawe na kizuizi cha wizi kinachotambua ufunguo kuanzia Oktoba 1998, na watengenezaji wa Japani wameeneza teknolojia hiyo katika magari yao. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi miaka 8 tangu kuandikishwa kwa mara ya kwanza, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515, kwa hiyo karibu kila gari la mtumba linaloshushwa Mombasa sasa lina kompyuta inayoujua ufunguo wake. Kompyuta ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililogongwa haiwashi gari la pili, hata la mwaka uleule na rangi ileile, mpaka funguo zisajiliwe upya na mtu mwenye vifaa na ruhusa. Wauzaji wa spea wanaojua kazi yao wameanza kuuza seti nzima: kompyuta, kitasa cha ufunguo na ufunguo wake. Hilo ni jibu la soko, na ni jibu la busara, lakini tazama lilivyopandisha bei ya kitu ambacho zamani kingeuzwa peke yake.

Sasa turudi Siyu na kalamu. Tuseme kifaa kipya ni shilingi 10,000 na cha mtumba ni shilingi 4,000. Mjini Mombasa mnunuzi wa mtumba ameokoa 6,000, na kikikataa kuwaka anarudi dukani mchana huohuo. Anayenunua kwa ajili ya Siyu hununua pia safari ya boti mpaka Lamu na kurudi, nauli ya pikipiki kutoka Mtangawanda, na siku ambazo chombo kimelala juu ya mchanga. Kifaa kikikataa mara moja, akiba yote inaweza kuliwa. Kikikataa mara mbili, cha mtumba kinaweza kuwa ghali kuliko kipya. Na hapo hatujahesabu hatari, ambayo kwa chombo cha baharini haina mfano barabarani. Gari likizima, dereva husogea pembeni. Mashine ikizima nje ya mkondo wakati wa kusi, mashua hubebwa na maji, na waliomo hutegemea tanga la akiba au chombo kingine kitakachotokea. Kwa mwenye mashua wa kisiwani, basi, uhakika wa kifaa kukubali ndio bei yenyewe, na punguzo la dukani ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Ndiyo maana naamini mtaji mkubwa wa biashara hii Siyu ni fundi anayeweza kukisoma kifaa, kukifungua na kukifundisha injini nyingine. Mji huu una historia ya mtaji wa namna hiyo. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilisifika kwa mafundi wa ngozi na viatu, wafua vyuma, maseremala, na zaidi ya yote waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuitia nakshi. Uchumi wa kunakili ulisimama juu ya jambo moja: aliyeshika kitabu aliweza kukisoma, na aliyeweza kukisoma aliweza kukiandika tena. Programu iliyo ndani ya kompyuta ya injini nayo ni maandishi. Tofauti ni kwamba mwenye injini amenunua maandishi hayo bila haki ya kuyasoma, na fundi wa Siyu, hata awe hodari vipi, husimama mbele ya boksi lililofungwa kama mtu asiyejua kusoma. Mashine mpya za mipigo minne zinazomwagiwa petroli kwa kompyuta huchunguzwa kwa programu maalumu ya mtengenezaji na kompyuta ya mapajani, na zana hizo ziko kwa mawakala, si kwenye mikoko.

Kuna hoja tatu nzito dhidi ya msimamo huu wa kutaka kifaa kinachosomeka na kuhama, na hakuna hata moja inayostahili kupuuzwa. Ya kwanza ni mafuta. Mashine ya mipigo miwili yenye kabureta hunywa petroli kwa pupa, na huchanganyiwa oili, kwa kawaida lita 50 za petroli kwa lita 1. Mashine ya mipigo minne inayoongozwa na kompyuta hupunguza gharama hiyo kwa kiasi ambacho mvuvi hukiona jioni ileile. Ni kweli, na kwa mwenye boti za abiria anayekwenda Lamu kila siku, tena mwenye fundi wa wakala karibu, kompyuta inaweza kulipa. Lakini kuokoa mafuta na kufunga kifaa ni mambo mawili. Zipo mashine ndogo za mipigo minne zenye kabureta, na pikipiki nyingi zinazouzwa Kenya ni hivyohivyo. India ilipoleta kanuni kali za moshi Aprili 2020, pikipiki za soko lake zikahamia kwenye kompyuta, lakini Afrika imeendelea kuletewa zenye kabureta. Mvuvi anaweza kupata nafuu ya mafuta bila kupoteza haki ya kuhamisha spea.

Hoja ya pili ni wizi. Magari yenye vizuizi vya ufunguo huibwa kwa nadra zaidi, na mashine ya mashua ni mali nyepesi ya kubebwa usiku. Nakubali kufuli ni la lazima, lakini la mwenye mali, ambalo ufunguo wake anakabidhiwa yeye pamoja na risiti. Kufuli ambalo ufunguo wake hubaki kwa mtengenezaji humzuia mwizi na mwenye mali kwa pamoja. Hilo limeonekana hata kwa matajiri: wapiga kura wa Massachusetts nchini Marekani waliunga mkono haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, na tena mwaka 2020 kuhusu habari zinazotumwa na magari bila waya.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, nayo ni bahari. Mipigo miwili hutema sehemu ya mafuta bila kuyachoma, na hapa yanaishia kwenye mikoko ambamo samaki huzaa. Marekani iliweka kanuni ya moshi wa mashine hizo mwaka 1996, na Ulaya ikafuata, ndipo mashine za aina hiyo zikaondoka sokoni huko na kubakia kwetu. Kuitetea kabureta ya mipigo miwili kwa ajili ya urahisi wake pekee ni kumhamishia mvuvi wa kesho deni la leo. Jawabu langu ni kwamba mashine safi isiyotengenezeka haisafishi bahari kwa muda mrefu: ikifa kwa kukosa kisanduku, mwenye mashua hurudia ile ya zamani iliyochakaa, inayotema zaidi.

Swali hili lina fedha halisi nyuma yake. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari ya Lamu, na mazungumzo yaliyofuata yalielekea sehemu kubwa ya fidia itolewe kwa vifaa vya uvuvi, si fedha taslimu. Vifaa hivyo vinapoagizwa, karatasi za zabuni huandika nguvu za farasi, idadi na bei. Yaongezwe masharti mawili. Muuzaji akabidhi michoro ya nyaya, programu ya uchunguzi na mafunzo kwa mafundi wa Siyu na wa miji jirani ya Faza na Kizingitini, kwa Kiswahili. Na kabla ya sahihi ya kupokea, mashine mbili zichaguliwe bila mpangilio katika shehena, zifungwe kwenye mashua mbili, visanduku vyake vya cheche na kompyuta zake vibadilishane, na fundi wa hapahapa aziwashe zote mbili kabla maji hayajapwa.