Muhogo, chumvi na tezi ya shingo

Ukitoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenda Koboko kwa barabara ya lami inayofika Oraba, mpakani na Sudan Kusini, wakati wa kiangazi utakuta muhogo kila mahali. Vipande vyeupe vimeanikwa juu ya majabali, kwenye maturubai, hata pembezoni mwa lami yenyewe. Vikisagwa pamoja na mtama au wimbi, hutoka unga wa enyasa, ugali mzito wa kahawia unaoliwa na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga au simsim. Anayetaka kujua chakula cha eneo hili la West Nile kinahusianaje na saratani ya tezi ya shingo na aanzie kwenye muhogo huo, aachane na orodha za vyakula vya kuogopwa zinazorushwa kwenye simu.

Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali iitwayo linamarini. Kipande kinapopondwa au kuvundikwa, kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe huikata linamarini, ikatoka sianidi, ambayo ni sumu kali. Akina mama wa kaskazini mwa Uganda wana namna yao ya kuitoa. Mizizi humenywa, hupigwa jua kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa kwa siku chache hadi iote ukungu na kulainika. Ukungu hukwanguliwa kwa kisu, mizizi huvunjwavunjwa kwa mkono au kwa mchi, ndipo huanikwa hadi ikauke kavu. Kila hatua ina kazi yake: kulainika na kuvunjwa hukikutanisha kimeng'enya na linamarini, na kuanikwa huipa sianidi nafasi ya kutoka hewani. Njaa ikibana, au mteja akiharakisha, hatua moja hurukwa. Mwezi Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo wenye sianidi nyingi, na wawili wakafa.

Hiyo ni sumu ya siku moja. Ile ya polepole haiui, na ndiyo inayotuhusu hapa. Sianidi kidogo ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa thiosianeti, na thiosianeti hugombania mlango uleule ambao iodini, yaani madini joto, huutumia kuingia kwenye tezi ya shingo. Mwenye iodini ya kutosha hata hajui kama kuna ugomvi. Mwenye iodini haba hushindwa.

Hili lilithibitishwa ng'ambo ya mpaka, katika kisiwa cha Idjwi ndani ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Kuanzia miaka ya 1960, François Delange na André Ermans, watafiti kutoka Ubelgiji, walikuta jambo la kushangaza pale: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na goita, yaani uvimbe wa tezi hiyo, na kusini-magharibi wachache tu. Maji hayakutosha kueleza tofauti hiyo. Chakula kilieleza: kaskazini walikula muhogo mwingi zaidi, tena wenye sumu zaidi. Huko Darfur, magharibi mwa Sudan, uwele nao umehusishwa na goita, kwa sababu una viambato vinavyozuia tezi kutengeneza homoni.

Tezi isiyopata iodini haitulii. Ubongo huona homoni zimepungua, ukaituma homoni nyingine ya kuichochea. Ni kama tajiri anayemfokea kibarua alime haraka ilhali hajampa jembe. Chembe za tezi hugawanyika, tezi huvimba, na baada ya miaka mingi vinundu huota ndani yake. Chembe zinazogawanyika kupita kiasi zina nafasi kubwa zaidi ya kukosea katika kunakili vinasaba vyao, na saratani huanzia katika makosa ya namna hiyo.

Hapa pana haja ya kusema kwa sauti: goita si saratani, na wengi mno walio nayo hawatapata saratani kamwe. Lakini ukosefu wa iodini hubadilisha sura ya saratani inayotokea. Palipo na uhaba, ile aina iitwayo folikula huongezeka, nayo hupenda kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mifupa na mapafu. Iodini ikitosha, inayotawala ni aina ya papilari, ambayo mara nyingi hukua polepole na hupona vizuri ikitibiwa. Kwa hiyo chumvi yenye iodini haiifuti saratani ya tezi, huipunguzia ukali.

Na chumvi ndiyo habari njema ya Uganda, habari ambayo haisimuliwi inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 goita ilikuwa imejaa katika shule za nchi hii. Katikati ya miaka hiyo serikali iliagiza chumvi yote ya chakula itiwe iodini, na kufikia 2011 takriban kila kaya iliyopimwa ilikuwa nayo jikoni. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutoka pwani ya Kenya. Safari hiyo yote yaweza kuharibikia jikoni, kwa kuwa chumvi iliyowekwa wazi kwenye kopo karibu na jiko, ikapata unyevu, jua na joto, hupoteza iodini yake. Ifunikwe vizuri, na iingie chunguni mwishoni, mboga inapokaribia kuiva. Kuzidisha hakusaidii. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250, na iodini iliyopita kiasi nayo huivuruga tezi.

Sasa vinywaji. Chai na kahawa, ikiwemo ile ya arabika inayolimwa Zombo, hazijaonekana kuongeza saratani ya tezi katika tafiti zilizowajumuisha maelfu ya wagonjwa. Pombe za kwete na waragi nazo hazikuonekana katika orodha ya washukiwa. Kwa kweli, katika tafiti kubwa wanywaji wa pombe walionekana kuwa na saratani hii pungufu kidogo. Asitokee mtu wa kuigeuza habari hiyo kuwa ruhusa. Pombe huleta saratani ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti, nami nimewaona wanaume wengi mno waliomalizwa na waragi hata niwe tayari kuitetea kwa ajili ya tezi moja. Maji ya kisima yanastahili jicho la karibu zaidi. Naitreti inayotoka kwenye mbolea na vyoo hugombania mlango uleule wa iodini, na katika jimbo la Iowa, Marekani, wanawake wazee waliokunywa kwa miaka mingi maji ya mabomba yenye naitreti nyingi walionekana kupata saratani ya tezi zaidi.

Kinywaji kilicholeta saratani hii bila ubishi ni maziwa, tena mahali pamoja. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, iodini yenye mionzi ikaangukia majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa. Waliokuwa watoto na vijana wakati ule, zaidi ya 6,000 walikuwa wamepata saratani ya tezi kufikia 2005. Hatari ilikuwa kubwa zaidi, karibu mara tatu, kwa watoto wa maeneo yenye iodini haba, kwani tezi yenye njaa hunyakua kila iodini inayopita, hata ile yenye sumu.

Tukirudi kwenye vyakula, kabichi na sukuma wiki zimesingiziwa. Zina viambato vinavyoweza kuibana tezi, lakini tafiti zilizounganishwa kutoka nchi nyingi hazikuona walaji wake wakiugua zaidi. Samaki wa Mto Nile, mbichi au mkavu, naye hana hatia.

Kama kuna badiliko la ulaji la kuogopwa mijini Arua na Koboko, mimi nalitafuta kwenye vibanda vya chipsi na kreti za soda. Vitu hivyo huleta unene, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka saratani ya tezi kati ya saratani 13 ambazo unene wa kupindukia huziongeza.

West Nile inajua ushahidi wa namna hii hupatikanaje. Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, alifuatana na Denis Burkitt mwaka 1961 katika safari ndefu ya kuitafuta saratani ya taya ya watoto. Miaka ya 1970 ilichukuliwa damu ya watoto 42,000 wa West Nile wakiwa wazima, kisha watafiti wakasubiri. Katika wote hao, wachache tu walipata ugonjwa huo, na damu yao ya zamani ikaonyesha dalili za kirusi kinachohusishwa nao kabla uvimbe haujatokea. Hiyo ndiyo subira inayohitajika kabla ya kulishtaki sufuria la mtu.

Kwa aliye na uvimbe leo, chakula si swali la kwanza. Asimame mbele ya kioo, anywe funda la maji na kutazama chini ya kongomeo. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka anapomeza. Ukiwa mgumu, ukikua kwa miezi michache, sauti ikakwaruza, chakula kikakwama au matezi yakajitokeza ubavuni mwa shingo, aende hospitali ya rufaa ya Arua aombe vipimo: picha ya mawimbi ya sauti, na sindano nyembamba ya kuchukua chembe. Wanawake wazingatie zaidi, kwani saratani hii huwapata karibu mara tatu zaidi ya wanaume. Wasio na dalili wasikimbilie picha. Korea Kusini iliwapima wengi wasio na dalili, na kati ya 1993 na 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa ziliongezeka mara 15, vifo vikabaki palepale. Maelfu walikatwa tezi kwa ajili ya vinundu ambavyo visingewadhuru maishani, na sasa wanameza kidonge cha homoni kila asubuhi.