Kijana asikiaye sauti na kujijeruhi: Dalili mbili zisizofaa kufichwa

KATIKA vijiji vya milima ya Umatengo wilayani Mbinga, na kandokando ya Ziwa Nyasa kutoka Mbamba Bay hadi Liuli, kijana anayesema anasikia sauti wasizozisikia wengine mara nyingi hudhaniwa kuwa ana mapepo au amerogwa. Akikutwa na majeraha aliyojitia mwenyewe, huonekana mkaidi anayestahili adhabu. Mambo hayo mawili hufichwa ndani ya nyumba, na hali hiyo haipo vijijini peke yake. Hata mijini ni hivyo hivyo.

Hata hivyo, tafiti za kitabibu zimebainisha kuwa mambo hayo yana uhusiano wa karibu, na yanapojitokeza kwa pamoja ni ishara ya hatari.

Kwanza ieleweke kuwa kusikia sauti au kuona maruweruwe si lazima kuwe mwanzo wa wazimu. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2012 na Dk. Ian Kelleher na wenzake ulionyesha kuwa takriban asilimia 17 ya watoto wa miaka 9 hadi 12, na asilimia 7.5 ya wale wa miaka 13 hadi 18, hupatwa na hali hiyo. Kwa wengi hutoweka yenyewe.

Lakini mwaka uliofuata, watafiti hao walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 1,112 wa miaka 13 hadi 16 nchini Ireland. Miongoni mwa waliokuwa na dalili hizo, asilimia 20 walijaribu kujiua katika kipindi cha mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 2.5 ya wenzao.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni kuwa mambo yote mawili huweza kuchipua katika mzizi mmoja: ukatili wa utotoni, kuonewa shuleni, sonona, kukosa usingizi au uvutaji wa bangi. Pili, wapo wanaosikia sauti za kuwatukana au kuwaamuru wajidhuru. Tatu, wengine hujijeruhi si kwa kutaka kufa, bali kutafuta nafuu ya muda katika dhiki wasiyoweza kuitamka. Hata hao wasipuuzwe, kwani aliyewahi kujijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye.

Jambo jingine la kuzingatia, hasa katika mwambao wa ziwa wenye malaria, ni kwamba malaria kali na kifafa navyo huweza kumfanya mtu aone au asikie yasiyokuwapo. Kwa sababu hiyo kijana apelekwe haraka katika zahanati, kituo cha afya au hospitali, iwe Litembo, Liuli, Mbinga au kwingineko, akapimwe. Kumfungia ndani au kumpigisha safari za waganga ni kupoteza muda wa kumwokoa. Familia ikitaka kumwombea, na imwombee, ila dua isichukue nafasi ya tiba.

Wazazi wengi huogopa kumuuliza kijana kama ana mawazo ya kujiua, wakidhani watampandikizia wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Humpa nafasi ya kusema. Aulizwe kwa upole na faragha, asikilizwe bila kukaripiwa, na asiachwe peke yake akiwa katika hatari. Dawa za hospitali, na zile za kunyunyizia kahawa, zifungiwe mbali naye.

Ipo pia hofu ya polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kiliweka jaribio la kujiua katika orodha ya makosa, na woga huo huzifanya baadhi ya familia zikae kimya. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba.

Kutoka Mbamba Bay hadi Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni safari ndefu. Lakini hatua ya kwanza haihitaji nauli: ni mzazi, mwalimu au rafiki kuketi na kijana na kumuuliza kinachomsibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.