Vipindi vya awali vya Doctor Who katika Afrika ya Mashariki

Vipindi vya awali vya Doctor Who ni sehemu za tamthilia ya televisheni ya Uingereza zilizorushwa na BBC kati ya mwaka 1963 na 1969, zote kwa picha nyeusi na nyeupe. Tamthilia hiyo ni bunilizi ya kisayansi. Inamhusu msafiri aitwaye Daktari, anayezunguka katika wakati na anga kwa chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Kati ya vipindi 253 vya miaka hiyo, vingi havipo tena. Historia ya kupotea kwake inaigusa Afrika, na inaeleza pia kwa nini mtazamaji wa Dar es Salaam hupata shida kuvitafuta.

Jinsi vilivyopotea

Kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 23 Novemba 1963, mwigizaji mkuu akiwa William Hartnell. Mwaka 1966 nafasi yake ilichukuliwa na Patrick Troughton. Vipindi vilirekodiwa kwenye kanda za video, ambazo wakati huo zilikuwa ghali. Kwa kuwa watu hawakuwa na mashine za video majumbani, vipindi vilivyokwisha kurushwa vilionekana havina faida tena, na BBC ilizifuta kanda ili zitumike upya.

Kabla ya kufutwa, vipindi vilinakiliwa kwenye filamu ya milimita 16 ili viuzwe nchi za nje. Filamu ilifaa kwa sababu kituo chochote kiliweza kuionesha, hata kama mitambo yake ya video ilitofautiana na ile ya Uingereza. Nakala nyingi zilizobaki London ziliharibiwa katika miaka ya 1970, mpaka utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1978.

Safari ya nakala barani Afrika

Miongoni mwa nchi za Afrika zilizonunua vipindi hivyo ni Kenya, Uganda, Zambia, Ethiopia na Nigeria. Ili kupunguza gharama, nakala ileile iliweza kupitishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Baada ya matumizi ilipaswa kurudishwa au kuharibiwa. Pale ambapo agizo hilo halikutekelezwa, vipindi vilinusurika.

Katikati ya miaka ya 1980 sehemu za hadithi The Time Meddler na The War Machines zilipatikana Nigeria. Mwaka 1992 hadithi nzima ya The Tomb of the Cybermen ilirudishwa kutoka Hong Kong. Mnamo Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris amepata filamu 11 katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vipindi 9 kati yake vilikuwa vimepotea kabisa, navyo ni vya hadithi The Enemy of the World na The Web of Fear. Baada ya ugunduzi huo vilibaki vipindi 97 visivyojulikana vilipo.

Dar es Salaam haikuwamo katika safari hiyo. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, lakini Zanzibar ilianza mwaka 1973, na Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Filamu za Doctor Who zilipokuwa zikizunguka, hapakuwa na kituo cha kuzipokea.

Kuvitafuta Kariakoo

Kwa sababu hiyo wakazi wa Kariakoo walizoea tamthilia za nje kwa njia nyingine: kanda za kukodi, vibanda vya video, baadaye diski, na sasa kunakili muvi kwenye flashi na kadi za simu. Biashara hii hufuata kinachopendwa kwa wakati huo, hivyo vipindi vya miaka ya 1960 huwa nadra. Aidha, kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, kunakili na kuuza kazi ya mtu kunahitaji idhini ya mwenye haki.

Anayevitafuta azingatie yafuatayo:

- Hadi katikati ya mwaka 1966 kila kipindi kilikuwa na jina lake, tofauti na jina la hadithi. Ni rahisi kudhani majina manne ni hadithi nne, kumbe ni sehemu za hadithi moja.
- Kila kipindi kina takriban dakika 25. Hadithi nyingi zina vipindi 4 hadi 6.
- Sauti za vipindi vyote zimesalia, kwa kuwa watazamaji walizirekodi nyumbani. Sauti hizo zimetumika kutengeneza katuni za baadhi ya hadithi, kama The Power of the Daleks (2016). Katuni hizo si picha za awali.
- Picha za rangi zilianza Januari 1970. Faili la rangi linalodaiwa kuwa la mwaka 1965 limetiwa rangi baadaye.
- Mwaka 2023 BBC iliweka zaidi ya vipindi 800 kwenye huduma yake ya intaneti ya iPlayer, ambayo ni kwa watazamaji walioko Uingereza. Hadithi ya kwanza kabisa haikuwamo kutokana na suala la hakimiliki.

Umuhimu

Vipindi vya Jos havikuokolewa na makao makuu yaliyovitengeneza, bali na rafu ya kituo kilichovinunua. Suala hilohilo lipo kwa kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zenye muziki wa dansi na taarab wa miongo kadhaa: kanda ikifutwa na nakala nyingine haipo, kazi hiyo imekwisha.