Unyayo, Unywele na Neno la Mzee

Kazi yangu ni kahawa, hapa Mbozi Mission. Msimu ukiisha na kahawa ikishapokelewa na chama chetu cha ushirika, AMCOS, nachukua begi lenye rula, kibano, bahasha za karatasi na mfuko wa plasta, naingia mabondeni kutafuta alama za wanyama wanaosimuliwa na wazee lakini hawamo vitabuni. Sikusomea elimu ya wanyama. Ninachojua nimekipata kwa kusoma, kuuliza na kupiga magoti kwenye tope.

Wengi wakisikia habari hizi huniuliza kuhusu Bigfoot, lile jitu lenye manyoya la Marekani. Jina lake lilivuma mwaka 1958, dereva wa katapila aitwaye Jerry Crew alipomimina plasta kwenye unyayo mkubwa kaskazini mwa California, na picha yake ikatoka gazetini. Mwaka 2002 Ray Wallace, mkandarasi wa kazi ile, alifariki, na familia yake ikatoa miguu ya mbao ikisema ndiyo aliyopigia nyayo zile. Nywele nazo hazikusaidia. Zilizopelekwa FBI miaka ya 1970 zilikutwa ni za jamii ya kulungu. Mwaka 2014 Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba, alichapisha majibu ya nywele zilizokusanywa nchi mbalimbali zikidaiwa kuwa za viumbe wa namna hii. Zikawa za dubu, farasi, ng'ombe na wengineo wanaojulikana.

Hata kwetu tumewahi kuwa na kisa kama hicho. Mwaka 1937 Kapteni William Hichens aliandika kwamba, akiwinda simba karibu na mbuga ya Wembere, aliona viumbe wawili wafupi wenye manyoya ya kahawia, wakitembea wima kama watu. Waliitwa agogwe. Hakuleta unyayo, unywele wala mfupa, na hadi leo agogwe amebaki palepale alipoachwa na kalamu yake.

Sasa linganisha na kipunji. Mwanzoni mwa 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kuzunguka Mlima Rungwe. Wakatajiwa kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wanyakyusa wana simulizi nyingi za wanyama, wengine wa damu na nyama, wengine wa mizimu, na ingekuwa rahisi kumtupa kipunji kwenye kundi la pili. Watafiti walipanda msituni, na mwaka huohuo wakamwona: manyoya ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, kishungi kilichosimama kichwani, mkia mrefu kuliko mwili, na sauti nzito inayofanana na kubweka. Mwaka 2004 Trevor Jones, bila kuwa pamoja nao, akamkuta kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa.

Alitangazwa mwaka 2005 kwa picha na maelezo. Baadaye mmoja alikufa katika mtego wa mkulima, na mwili wake ukachunguzwa. Fuvu na vinasaba vikaonyesha kwamba hakuingia katika jenasi aliyowekwa mwanzoni. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923. Wahenga wanasema lisemwalo lipo. Rungwe inatufundisha kuongeza: basi lipimwe.

Hivyo ndivyo ninavyojaribu kufanya. Nikikuta unyayo, naweka rula kando na kupiga picha kabla ya kugusa chochote. Kisha nauzungushia ukanda wa boksi, nakoroga plasta na maji hadi iwe kama uji mzito, na kuimimina kutoka ukingoni ili isivuruge alama za vidole. Ikikauka naiinua na tope lake. Kusafisha ni kazi ya nyumbani. Unyayo mrefu wa kutisha mara nyingi huwa ni nyayo mbili za nyani zilizokanyagana, au mmoja uliopanuliwa na mvua. Kidole gumba kikitoka pembeni, najua ni mguu wa nyani. Unywele nauchukua kwa kibano na kuutia kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu unaouharibu.

Mzee naye ana utaratibu wake. Baada ya shikamoo simuulizi kama aliona jitu, maana swali hilo limeshabeba jibu. Namuuliza: "Baba, ulisimama wapi? Jua lilikuwa wapi? Alikuwa anakula nini?" Naandika maneno yake kama alivyoyasema.

Jitu sijalipata, na sitamwambia mtu kwamba lipo. Lakini sensa iliyotolewa 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu, katika vipande vya misitu vilivyozungukwa na mashamba na wachoma mkaa. Mnyama huyo aliishi safari ya siku moja kutoka kwetu, wawindaji wakimjua kwa jina, na nchi nzima haikumwandika. Ndiyo maana nawaomba vijana wa Mbozi, Ileje na Rungwe wawahoji wazee wao mwaka huu, kwa daftari na kalamu, na kila alama watakayookota waipeleke kwa mtaalamu aichunguze, hata kama jibu litakuwa nyani.