Saba ya Mindanao na saba ya Bukini

Leo naomba kila mmoja wenu atamke neno hili: tlu. Najua wengi mmesema "tulu". Ulimi wetu hauna raha konsonanti mbili za namna hiyo zikigusana. Ndiyo maana usiku wa baridi wengi wetu hujifunika bulangeti.

Tlu ni tatu kwa Kiblaan, lugha ya watu wa milima ya kusini mwa kisiwa cha Mindanao, huko Ufilipino. Mimi nilipoliona neno hilo mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea. Kumbe sikuwa peke yangu. Wenyewe hujiita Blaan, lakini vitabu vya zamani viliandika "Bilaan", maana wageni nao walipachika irabu yao, na kabila zima likajulikana kwa matamshi ya wapita njia.

Sikilizeni pia sauti ya f. Jamaa zao Watagalogi, wa upande wa Manila, nne huiita apat na saba huiita pito. Wablaan husema fat na fitu. Sasa vukeni bahari mje jirani na pwani yetu, kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Huko nne ni efatra, na saba ni fito! Kila upande uliigeuza p ya kale kuwa f kwa njia yake, lakini ukoo ni mmoja: mababu wa Wamalagasi walivuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walipofika huku wakaokota na maneno ya Kibantu; ng'ombe wao humwita omby.

Katika sarufi, Kiblaan hutanguliza kitenzi. Lakini kilichonipendeza zaidi ni kwamba "sisi" zao ni mbili: moja ina wewe ndani yake, nyingine imekuacha nje. Wamalagasi nao wanazo: isika ni sisi sote, izahay ni sisi bila wewe. Sisi Waswahili tunayo moja tu, na mheshimiwa akisema jukwaani "tutafunga mikanda", hujui naye yumo au hayumo.

Mwaka 2013 sheria ya Ufilipino iliagiza watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya nyumbani kwao. Oktoba 2024 sheria nyingine ikauondoa ulazima huo. Lugha za kufundishia zikarudi kuwa Kifilipino na Kiingereza, na za mikoani zikabaki za kusaidia, isipokuwa pale ambapo darasa zima ni la lugha moja. Kwa hiyo mtoto wa Kiblaan katika darasa la mchanganyiko, mjini General Santos, anatoka nyumbani na fitu yake. Ubaoni anakuta pito.